Mdogo wangu alisomeshwa shule ya kulipia na wafadhili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu atapata?

Mama Chapati wa Buza

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni dada mkubwa, nauza chapati na maharage asubuhi hapa Buza. Mdogo wangu wa mwisho, Shabani, kamaliza kidato cha sita mwaka huu. Alisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), kapata daraja la pili, pointi 10. Anataka kusoma uchumi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu yuko darasa la saba hajabadilisha maneno. Kwa sasa yuko kambini JKT. Ananipigia Jumapili kwa simu ya kuazima, dakika tatu nne hivi, na kila mara ananiuliza, "Dada, mambo ya mkopo umefikia wapi?" Mimi najibu naendelea. Ukweli ni kwamba nimekwama.

Baba yetu alifariki mwaka 2014 kijijini kwetu Rufiji. Alikuwa mvuvi. Cheti cha kifo hatuna. Kipo kibali cha mazishi, mama alikikunja akakihifadhi ndani ya msahafu, na sasa kinachanika kwenye mikunjo. Mama anaishi kule na bibi, wanalima mpunga kidogo, wamo kwenye ile ya TASAF. Shabani nimekaa naye mimi tangu akiwa mdogo.

Linaloniumiza kichwa ni hili. Kidato cha kwanza mpaka cha nne Shabani alisoma shule ya kulipia, ya bweni, huko mkoa wa Pwani. Ada ilikuwa milioni 1 na laki 6 kwa mwaka. Sisi hatukutoa hata senti. Kuna taasisi ya dini ilikuwa inasomesha yatima, ilimchukua yeye na wenzake sita, ikawalipia kila kitu hadi sabuni. Cha tano na cha sita akapangiwa shule ya serikali.

Juzi nimeenda steshenari kuulizia. Kijana wa pale alipoona jina la shule akasema, "Dada, hapa hamna mkopo. Bodi wakiiona shule ya kulipia wanajua nyumbani kuna hela." Halafu akasogea karibu, akaniambia nikimpa laki 1 na nusu anao mtu wa kumwingiza. Nikamwambia nitarudi kesho. Nimelala na ile hesabu. Siku nzuri nabakiwa na elfu 15, na hapo watoto wangu wawili hawajala na kodi ya nyumba inasubiri.

Naomba kujua: ni kweli shule ile imemfungia mlango? Na kile kibali cha mazishi kinatosha? Halafu nikiwa mdhamini wake, mimi na meza yangu ya chapati, nitakuja kudaiwa?

Kaka wa Msewe

Dada, kabla ya yote, usirudi kwa huyo kijana. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa mara moja tu kwa kumbukumbu namba ambayo mfumo wenyewe wa maombi mtandaoni unakutolea. Unalipa kwa simu yako au benki, fedha inakwenda serikalini. Hakuna mtu wa kuingiza jina. Wanaochukua laki na nusu za watu wanajaza fomu ile ile unayoweza kujaza wewe. Mwombaji akipata wanajisifu, akikosa wanazima simu.

Jambo lingine ambalo watu hulipuuza: akaunti ya maombi ifunguliwe kwa namba ya simu yenu wenyewe na nywila muijue ninyi. Nilikaa chumba kimoja na jamaa aliyefunguliwa akaunti kwa namba ya mtu wa kumsaidia. Fomu yake ikawa na kasoro, taarifa ya kurekebisha ikaenda kwa yule mtu, na yeye akaja kujua dirisha limeshafungwa. Mwaka ule hakwenda chuo.

Mtoto wa Tandika

Dada yangu, nimesoma nikajiona mimi. Nami nilisomeshwa na wafadhili kidato cha kwanza hadi cha nne, shule yenye ada kubwa kuliko hiyo ya Shabani. Ngoja nikueleze ilivyokwenda, huenda ikakusaidia.

Nilipojaza fomu, mfumo uliniuliza shule nilizosoma. Nikaandika. Ukaniuliza kama kuna aliyenifadhili, nikaweka ndiyo, lakini barua ya mfadhili sikuambatisha. Nilidhani kusema kunatosha. Majina yalipotoka, nilikuwa nimepata chuo na mkopo sina. Kosa lilikuwa langu. Aliyepitia fomu yangu hakumwona mama yangu akiuza mkaa Tandika. Aliona shule ya milioni mbili na kidirisha chenye alama ya ndiyo, basi.

Dirisha la rufaa lilipofunguliwa nikaanza kuhangaika. Wafadhili wangu walikuwa wameshafunga ofisi ya Dar. Nikaenda shuleni kwangu, nikamwangukia mhasibu. Mama yule, Mungu ambariki, alifungua kabati akatoa vitabu vya risiti vya miaka minne. Hebu fikiria risiti ya ada ilivyo. Juu kuna jina la mwanafunzi, chini yake kuna mstari umeandikwa "Imepokelewa kutoka kwa". Watu wengi mstari ule una jina la baba au mama. Wa kwangu, risiti zote, una jina la taasisi. Akanitolea nakala, akapiga mhuri wa shule kila moja, na mkuu wa shule akaandika barua ya kueleza kwamba nilikuwa mwanafunzi wa ufadhili toka siku ya kwanza. Nikapeleka kwenye rufaa pamoja na barua kutoka kwa mratibu wa wale wafadhili, ambaye nilimpata Morogoro baada ya kuulizia kwa wiki mbili.

Rufaa ilikubaliwa. Chakula na malazi nilipata chote, na ada sehemu kubwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako: shule ya kulipia peke yake haifungi mlango. Inafungwa na ukimya. Tafuta barua ya ile taasisi sasa hivi, usisubiri rufaa kama mimi. Iwe na kichwa cha barua, mhuri, jina kamili la Shabani, miaka waliyomlipia na kiasi. Na nenda shuleni ukaombe zile risiti hata kama hazijatakiwa, ukae nazo.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Umeandika habari nyingi, lakini moja umeipitia kwa haraka kama vile haina uzito. Umesema mama yumo kwenye TASAF.

Hilo lina uzito mkubwa. Kaya iliyo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini imekwisha kupimwa na serikali yenyewe, na ina namba. Kwenye fomu ya mkopo pana mahali pa kuandika namba hiyo. Mpigie mama akusomee namba iliyo kwenye kitambulisho chake cha mpango, umsikilize kwa makini, umwambie airudie. Kisha amuulize mtendaji wa kijiji kama Shabani yumo kwenye orodha ya wanakaya. Uliishi naye wewe Dar, yawezekana alipoandikishwa mama jina lake halikutajwa. Jambo hili lijue mapema.

Kuhusu kifo cha baba, kibali cha mazishi hakitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo, na cheti chenyewe kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, sawa na cheti cha kuzaliwa cha mwombaji. Kibali hicho ndicho kitakusaidia kupata cheti, kwa hiyo kitoeni kwenye msahafu kwa uangalifu, mkipige picha kabla hakijakatika. Kifo kinasajiliwa wilaya kilikotokea. Maana yake ni safari ya Utete, na ni vema mama awepo. Uhakiki wenyewe unaombwa mtandaoni na ukikamilika unapewa namba ambayo utaiingiza kwenye fomu. Usiuache uhakiki hadi wiki ya mwisho. Nimeona vijana wanalia kwa ajili ya uhakiki, na kilichowaliza ni tarehe tu.

Mama Steshenari Mwenge

Nimejaza fomu hizi za watoto wa watu kwa miaka, ada yangu ni ya kuchapa na kuskani, basi. Naomba niongeze ninayoyaona mezani kwangu, maana wenzangu wameeleza ya ushahidi vizuri.

Majina. Toa cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cheti cha kifo cha baba, viweke mezani sambamba, soma herufi kwa herufi kwa kidole. Mwezi uliopita alikuja binti, cheti cha kuzaliwa kinasema Abdallah, cheti cha shule Abdalah. Herufi moja. Ikabidi aende kwa wakili akaape kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ni jambo la siku moja ukiligundua Julai. Ukiligundua siku ya mwisho ya dirisha, ni mwaka mzima.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo utambulisho wake. Aliyoombea chuo na aliyoombea mkopo iwe hiyo hiyo. Kama aliwahi kurudia mtihani ana namba mbili, na hapo wengi wanachanganya.

Shabani akiwa kambini, wewe unaweza kukusanya kila kitu na kujaza, lakini saini ni yake. Usimsainie. Ukishajaza, mfumo unakutolea fomu ya kuchapa. Kuna kurasa za saini: yake, yako kama mdhamini, ya kiongozi wa serikali ya mtaa na mhuri wake, na ya hakimu au wakili na mhuri wake. Baada ya hapo unaziskani na kuzipandisha. Angalia mhuri usiwe umefifia. Mwenyekiti mmoja wa mtaa alikuwa na kidau cha wino kimekauka, mhuri ukatoka kama kivuli, nikamrudisha mama wa watu aende tena. Alininunia, lakini alirudi.

Mlipaji

Mimi nitasema tofauti kidogo, dada usinielewe vibaya. Mkopo si zawadi. Nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na nitakatwa miaka mingi. Ukiwa na mshahara wa 800,000, hiyo ni 120,000 imeondoka kabla hujaiona, na bado kodi ya serikali na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mdogo wako angefikiria chuo cha kati, cha ufundi. Nina rafiki fundi umeme wa magari pale Tandale, hadaiwi na mtu.

Kaka wa Msewe

Mlipaji, makato ni kweli, na ajue kabla ya kusaini. Lakini tuseme yote. Zamani deni lilikuwa linakua kwa asilimia 6 kila mwaka, tozo ya kulinda thamani. Rais Samia alitangaza kuifuta mwaka 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikaondolewa. Deni la leo unaliona likipungua. Mimi nimeshalipa zaidi ya nusu.

Na kuhusu chuo cha kati, si lazima ukose mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 bodi inakopesha pia wa stashahada kwenye fani maalumu kama afya, ualimu, usafirishaji na kilimo. Ila kijana mwenye pointi 10 anayetaka uchumi tangu darasa la saba, mimi siwezi kumwambia aende gereji kwa sababu ya woga wetu.

Kwa hesabu ya dada: fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, inatoka kwa mafungu, kwa kawaida fungu moja ni la siku 60. Akipewa kiwango chote, kila bumu, yaani fungu la mkopo, ni 600,000. Vitabu na shajala ni 200,000 kwa mwaka. Ada inapelekwa chuoni moja kwa moja, na hapo ndipo viwango vinapotofautiana sana kati ya mtu na mtu. Bumu la kwanza huwa linachelewa kidogo, na wiki hizo mbili tatu za mwanzo ndizo zinazomtesa mtoto wa maskini. Mwekee akiba ya kuanzia.

Mtoto wa Tandika

Na lile swali la udhamini hakuna aliyelijibu. Dada, ile saini ina uzito. Unaandika kwamba unamfahamu, unajua anakopatikana, na kwamba akikwepa deni unaweza kufuatwa wewe. Mimi mdhamini wangu ni mjomba, na siku nilipopata ajira kazi ya kwanza niliyofanya ni kumpeleka mwajiri wangu namba yangu ya mkopo, ili makato yaanze na mjomba alale. Zungumza na Shabani. Kama unamwamini, saini. Meza ya chapati haikuzuii. Wanachotaka ni mtu mwenye kitambulisho, anwani na simu inayopatikana.

Mama Chapati wa Buza

Ndugu zangu, nimerudi, samahani kwa kimya cha siku 12.

Nilifunga meza siku tatu. Nilipanda gari Mbagala Rangi Tatu saa 11 alfajiri, nikavuka daraja la Mkapa, nikashuka Nyamwage, nikachukua bodaboda hadi Utete. Mama alikuwa ameshafika, amekaa chini ya mwembe na msahafu umefungwa kwenye kanga. Hakutaka kukitoa kibali kabla sijafika. Yule baba wa ofisini alikifungua kwa ncha za vidole, akakiweka chini ya kioo cha meza yake ili asome tarehe. Sikuwahi kuisoma karatasi ile. Imeandikwa jina la baba kamili, majina matatu, na kazi yake, mvuvi. Mama alilia pale pale. Miaka yote hii tulikuwa tunajua amekufa, lakini hatukuwahi kukaa mahali tukasema mbele ya mtu anayeandika.

Cheti kimetoka. Nimeshaomba uhakiki wa vyote viwili, cha kifo na cha kuzaliwa.

Namba ya kaya ninayo. Mwalimu, asante sana, kwa sababu jina la Shabani lilikuwamo kwenye orodha. Bibi ndiye aliyelitaja siku ya kuandikishwa, anasema mtoto akisoma mbali bado ni wa nyumba hii.

Ile taasisi nimeipata. Wamehamia jengo lingine, mlinzi wa jengo la zamani ndiye aliyenielekeza. Barua wameniandikia siku hiyo hiyo, miaka minne yote na kiasi cha kila mwaka, na katibu alimkumbuka Shabani, akasema ndiye aliyekuwa anaandika barua za shukrani kwa mkono. Shuleni sijaenda, nitaenda wiki ijayo kwa ajili ya risiti.

Majina nimeyasoma kwa kidole kama ulivyosema, Mama Steshenari. Cheti cha kuzaliwa Shabani, cheti cha shule Shaban, bila i. Kesho naenda kwa wakili.

Kaka Mlipaji, nimekusikia na sijachukia. Jumapili nilimsomea Shabani maneno yako kwenye simu, ya asilimia 15, neno kwa neno. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Dada, mdhamini atakuwa nani?" Nikamwambia ni mimi. Akasema basi nimpelekee fomu siku ya kutembelewa, kurasa zote, asome mwenyewe kwanza ndipo asaini.